Jembe la Kwanza na Kompyuta ya Ukoo

Mti wa ukoo wetu bado umetundikwa sebuleni kwa Baba Mkubwa Zakaria, Ilongero, ndani ya fremu nzito ya mninga. Jua la dirishani limeufifisha upande mmoja, kiasi kwamba wajukuu wa nyumba ya tatu wameanza kutoweka wakiwa bado hai. Mwezi uliopita nilikaa chini yake kwenye kiti cha plastiki, koti la suti limenibana kwapani, nikisubiri tumzike mwenye nyumba. Jeneza lilikuwa limefika tangu asubuhi kutoka mjini. Mchungaji alikuwa amefika. Watoto wa marehemu wanaoishi Dar es Salaam walikuwa wamefika pamoja na miwani yao ya jua. Kilichokuwa hakijafika ni shimo. Vijana wa kuchimba walikaa juu ya rundo la matofali wakichezea simu, majembe na sururu yameegemezwa ukutani, kwa sababu katika ukoo wetu kaburi la bomani haliguswi na mchimbaji mpaka mtoto wa boma hilo apige jembe la kwanza. Si mtoto wa marehemu. Ni mtoto wa boma, yaani wa yule aliyelianzisha. Baba Mkubwa mwenyewe ndiye aliyeling'ang'ania jambo hilo mpaka likaingia kwenye katiba ya ukoo, na sasa lilikuwa limemkalisha juani ndani ya sanduku. Boma lile lilianzishwa na kaka yake, Ntandu. Niliinua macho kwenye fremu, nikalitafuta jina la Ntandu, nikalipata. Chini yake palikuwa peupe. Napafahamu vizuri pale peupe, maana mti ule niliuchapa mimi.

Ulikuwa mwaka niliomaliza chuo kikuu, nikiwa na shahada ya historia na imani kwamba nchi ilikuwa inanisubiri. Nchi ilikuwa na shughuli nyingine. Mashirika ya umma yaliyowaajiri waliotutangulia yalikuwa yameuzwa au yamefungwa, na kila mtu alikuwa anamuuzia mwenzake kitu: kadi za simu za kukwangua, mitumba, maji ya chupa, mafuta ya alizeti. Nilirudi nyumbani kwa muda, kama nilivyowaambia watu, na watu kwa heshima hawakuuliza muda gani. Ndipo nikakuta ukoo umepata kompyuta. Ndugu mmoja wa Dar es Salaam alikuwa ametuma kompyuta ya mtumba, na ndugu mwingine aliyekuwa anasoma Ulaya alikuwa ametuma diski ya programu ya kuchora miti ya ukoo. Hawakuulizana. Kompyuta ilikuja na mfumo wa Linux, programu ilikuwa ya Windows, na diski ya Windows yenyewe hakuna aliyeituma. Vitu hivyo viwili vilikuwa vimekaa wiki kadhaa kwenye meza moja bila kusalimiana. Kwa kuwa nilikuwa nimesoma chuo kikuu, ilionekana wazi kwamba naweza kuvipatanisha. Niliposema kwamba nilisoma historia, Baba Mkubwa Zakaria, mwenyekiti wa kamati ya ukoo, alijibu, “Si ndiyo hiyo hiyo? Babu zako ni historia.”

Njia iliyobaki ilikuwa Wine, safu inayokaa katikati ya programu ya Windows na mfumo usio wa Windows, ikipokea maneno ya huyu na kuyageuza yaeleweke kwa yule. Niliwaeleza wanakamati kwamba ni kama mkalimani wa mkutano wa injili: mzungu anahubiri kwa Kiingereza, mkalimani anasimama pembeni akigeuza, na watu wanasema amina. Sikuwaambia jambo ambalo kila aliyewahi kusimama kwenye mikutano hiyo analijua, kwamba mzungu husema sentensi ndefu, mkalimani husema fupi, na inayoitikiwa amina ni ile fupi. Mzee Saidi, mjumbe wa kamati na swala tano wa kweli, aliposikia kwamba jina la mkalimani wangu kwa Kiingereza ni mvinyo, alivuta kiti chake nyuma kidogo. “Mimi nitatazama kwa mbali,” alisema. Nilidandia malori ya magunia kwenda Singida mjini, kwenye kibanda cha intaneti, nikachapa maelezo ya watu wa nchi za mbali waliohangaika na programu kama yangu kwenye kompyuta kama yangu. Wao walitafuta babu zao waliovuka bahari kwa meli. Mimi nilitafuta namna ya kumwingiza babu aliyekuja kwa miguu kutoka Mgori akiswaga mbuzi. Siku programu ilipofunguka, herufi zilikuwa zimepishana vimo, kijani kimegeuka kijivu, na visanduku vya maonyo vilitokea vimekatwa upande wa kulia kama picha za pasipoti zilizokosewa. Nilijiona nimevumbua umeme. Nikawaambia wazee kwamba kukatwa huko ni kawaida. Wakanipa jina la Profesa, na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kuitika.

Kompyuta iliwekwa chumba cha nyuma cha mashine ya kukamua alizeti, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na jenereta. Mashine ikikamua, ukoo uliandikwa. Mashine ikizimwa, ukoo ulisubiri. Chumba kilinuka mashudu, meza ilitetemeka, na babu zetu walitetemeka nayo kwenye kioo. Upande wa pili wa ukuta, ambao haukufika darini, palikuwa na mgahawa wa Monika. Alikuwa amenizidi miaka kumi hivi, nikimwita dada. Kamati ilikula kwake. Alituletea ugali wa mtama na mlenda, maziwa ya mgando, na siku za kikao kuku wa kienyeji ambaye firigisi yake iliwekwa kwenye sahani ya Baba Mkubwa bila mtu kuuliza. Alipika, akasikia kila neno juu ya ukuta, akaingia, akapiga goti, akanawisha watu mikono. Mama yake, Mama Mkubwa Nyamwi, alikuwa mgonjwa, amelala kwenye chumba nyuma ya jiko hilo, na alikuwa na haja moja tu iliyobaki duniani: azikwe bomani kwa Ntandu, ubavuni kwa mumewe. Kila mtu Ilongero aliijua haja hiyo. Aliisema hata kwa wauza vitunguu waliopita kuuliza hali.

Habari yenyewe haikuwa siri. Ntandu alianguka mtini akirina asali katika msitu wa Mgori, akaacha mke kijana asiye na mtoto. Kwa desturi mke alirithiwa na mdogo wa marehemu, na mdogo huyo alikuwa Zakaria. Akazaliwa Monika. Kwa desturi hiyo hiyo Monika alikuwa mtoto wa Ntandu, moja kwa moja, na hakuna mtu aliyehesabu miaka, kwa kuwa desturi iliwekwa kusudi ili miaka isihesabiwe. Baadaye Zakaria aliokoka, akafunga ndoa kanisani na mwingine, akahama, akawa mzee wa kanisa mwenye sauti ya kufungua vikao. Tulifika kwa Ntandu kikao kimoja cha Jumamosi. Niliandika mwaka wake wa kufa, nikamwandika mkewe, nikamwandika Monika na mwaka wake wa kuzaliwa, nikabonyeza. Kikatokea kisanduku, kimekatwa kulia kama kawaida yake, na ndani yake maandishi na kitufe kimoja.

“Inasemaje?” Baba Mkubwa aliuliza.

“Inasema tarehe zina shida.”

“Nimeuliza inasemaje. Soma.”

“Inasema mtoto hawezi kuzaliwa baada ya kifo cha baba yake.”

Upande wa pili wa ukuta sufuria zilinyamaza. Baba Mkubwa aliweka chini mfupa aliokuwa anaunyonya, akajifuta vidole kimoja kimoja. “Soma tena,” alisema. “Taratibu, na kwa sauti.”

Nikasoma tena, taratibu na kwa sauti, nikishindana na kelele za jenereta na mashine. Nilibonyeza kile kitufe, nacho kikanirudisha kwenye tarehe nirekebishe. Nikajaribu tena, kikanirudisha tena. Hapakuwa na pa kupitia.

“Mmesikia wenyewe,” Baba Mkubwa aliwaambia wenzake. “Si mimi. Kompyuta haina ndugu, haina chuki.”

“Na haijawahi kurithi mjane,” alisema Mzee Saidi.

“Andika, Profesa: Ntandu hakuacha mtoto.”

“Basi muweke kwako, Zakaria,” Mzee Saidi alisema, kwa ule upole wake wa kuchoma. “Mama yake ulipewa wewe. Sote tulikunywa pombe ya siku ile. Enzi hizo hata mimi nilikuwa nakunywa.”

“Mimi nina cheti kimoja cha ndoa, na kiko kwenye fremu.”

Nikasema, kwa kuwa nilikuwa kijana na nilidhani wazee wanapenda kuarifiwa, kwamba programu inakubali pia watoto wa nje ya ndoa, kuna alama yake maalumu. Baba Mkubwa alinitazama kama mtu anayetazama mbwa aliyeongea. “Hatujakuuliza, Profesa.” Kisha akapaza sauti kuelekea ukutani: “Monika, mama, niongezee mchuzi.” Akaja. Akapiga goti, akamwagia mchuzi hadi aliposema basi. Baba Mkubwa akamuuliza, “Mama anaendeleaje?” Monika akasema, “Anaendelea vizuri, baba.” Neno baba lilikuwa la heshima tu, kama linavyosemwa kwa kila mzee, lakini mjumbe mmoja alikohoa, na Mzee Saidi akaingia ndani ya sahani yake asitoke.

Kwa miaka mingi nimejiuliza kwa nini sikucheka. Nilikuwa nimesoma madarasa mazima juu ya namna vyombo vya wageni vilivyogeuza desturi zetu kuwa makosa, nilikuwa nimeandika insha ndefu juu ya jambo hilo na kupata alama nzuri, na lilipotokea mbele yangu juu ya meza yenye mafuta niliona tatizo la tarehe, nikauchapa mti kama nilivyoagizwa. Baba Mkubwa hakuwa na shahada, lakini yeye aliona shamba. Boma la Ntandu lilikuwa na eneo zuri la alizeti, udongo mwekundu uliopumzika, na lisipokuwa na mtoto lilirudi kwa ndugu wa marehemu. Ndugu wa marehemu alikuwa mmoja.

Nilikwenda kumsalimia Mama Mkubwa Nyamwi, nikaingia kwa kuinama chini ya kamba ya nguo. Kitanda kilikuwa cha kamba, ukuta una kalenda ya kampuni ya mbegu, na mkononi alishika kikombe cha uji alichokuwa hanywi. Nilisema shikamoo, akaniitikia kwa Kinyaturu, kisha akahamia Kiswahili, kama watu wanavyofanya wanapotaka jambo lichukuliwe kama la ofisini.

“Wewe ndiye unayeandika watu.”

“Ndiyo, mama.”

“Mimi umeniandika wapi?”

“Kwa Ntandu, mama.”

“Na mwanangu?”

Nikamwambia bado, kuna tatizo dogo la kitaalamu. Aliweka kikombe chini. “Ng'ombe walionitoa kwetu walitoka zizini kwa Ntandu,” alisema. “Kila nilichozaa ni cha ng'ombe wale. Mwandike kwa ng'ombe.” Nikasema kompyuta haina sehemu ya ng'ombe. “Basi wenye kompyuta wanaozana kwa kitu gani?” akauliza, na hakuwa anatania, alitaka kujua. Monika alisimama mlangoni na ungo. “Mama, mwache Profesa aende. Anafanya kazi ya wakubwa.” Alisema hivyo hivyo, bila kupandisha sauti, na nikatoka nikaisahau kofia yangu.

Jumatano iliyofuata nilibeba ile diski hadi kibanda cha intaneti mjini, nikamwomba mwenye kibanda niiweke kwenye kompyuta yake ya Windows, bila mkalimani katikati. Nikamwandika Ntandu, nikamwandika Nyamwi, nikamwandika Monika, nikabonyeza. Kisanduku kikatokea kizima. Kilikuwa kipana kuliko cha kwetu, na upande wa kulia, mahali ambapo kwetu palikatwa, kulikuwa na kitufe cha pili. Cha kwanza kilisema nirudi nikarekebishe. Cha pili kilisema tarehe ni sahihi, endelea. Na kumbe maandishi yenyewe yaliendelea kulia vilevile, na mwisho wake palikuwa na alama ya kuuliza. Programu haikuwa imekataa chochote. Ilikuwa imeuliza swali, ikangoja ijibiwe, na kule Ilongero tulikuwa tumeonyeshwa jibu moja. Nilikibonyeza kile cha pili na Monika akashuka chini ya baba yake kwa mstari mwembamba, bila kelele. Nikalia kidogo pale kibandani. Mwenye kibanda alidhani nimepata matokeo mabaya.

Nilirudi nikijua la kufanya hata bila kukiona kitufe: ukibonyeza kitufe cha Tab kwenye kibodi, programu inahamia kwenye kitufe cha pili kilichojificha, na ukibonyeza Enter inakubali. Niliomba kikao. Walikuja, wakala kwanza, kwa kuwa ndivyo vikao vilivyokuwa. Nilitoa hotuba fupi juu ya upana wa visanduku, ambayo hakuna aliyeisikiliza, halafu nikafanya mbele ya macho yao: Ntandu, Nyamwi, Monika, Tab, Enter. Mstari ukashuka. Jina likakaa. Upande wa pili wa ukuta niliona vidole vya Monika juu ya tofali la mwisho; alikuwa amepanda juu ya kitu ili aone.

“Alhamdulillahi,” alisema Mzee Saidi, akasogeza kiti karibu.

Baba Mkubwa Zakaria alikitazama kioo kwa utulivu mkubwa. “Profesa,” alisema, “siku ile ilikuwa nzima. Leo umeiharibu.”

“Sijaiharibu, Baba Mkubwa. Siku ile ndiyo ilikuwa na kasoro. Swali lilikuwa limekatwa.”

“Siku ile ilikataa uongo. Leo inakubali uongo. Kati ya hizo mbili, nzima ni ipi?” Akawageukia wenzake. “Mtoto wa watu amesoma, lakini amekwenda mjini na diski yetu, amerudi nayo ina tabia mpya. Tunajua ameiingiza wapi?” Wajumbe walitikisa vichwa. Mmoja aliuliza kama virusi vya kompyuta vinaambukiza kwa kugusa. Nikasema mti uko tayari, tunaweza kuuchapa upya leo. “Mti ulishachapwa,” Baba Mkubwa alisema, “na uko kwa fundi wa fremu. Mninga umeshakatwa.” Kisha akainuka, akaichomoa kibodi, akaukunja waya wake vizuri kama mtu anayekunja kamba ya mbuzi, akaiweka kwapani, akaenda nayo nyumbani. Kioo kilibaki kinawaka, Monika yuko ndani yake chini ya baba yake, mpaka magunia ya alizeti yalipokwisha na jenereta likazimwa. Mzee Saidi alikaa akitazama pale alipokuwa amepotelea. “Alikuwa amekaa vizuri,” alisema, na juu ya jambo hilo hakusema neno jingine kwa kamati wala kwa mtu yeyote, si siku hiyo, si miaka iliyofuata, na hilo ndilo lililokuwa kubwa.

Mama Mkubwa Nyamwi alifariki kabla ya mavuno. Monika alikwenda kwa Baba Mkubwa kuomba kaburi, nami nilimsindikiza kwa kuwa sikujua pa kuiweka mikono yangu. Alitupokea barazani na chai. Alisikitika sana, alilitaja jina la marehemu vizuri, hata akafumba macho. Kisha akaeleza kwamba shida si yeye. Kaburi la bomani linaanzwa na mtoto wa boma, na boma la Ntandu, kwa mujibu wa mti, halina mtoto. “Nani atapiga jembe la kwanza, mama?” alimuuliza Monika. “Niambie wewe. Nitafutie mtu.” Alisubiri jibu kwa dhati, kikombe mkononi. Monika akasema, “Asante kwa chai, baba.” Tulimzika mama yake huko Unyambwa, pembezoni mwa mji, kwenye makaburi ya watu wote, kati ya fundi baiskeli na mtu ambaye hakuna aliyemjua. Msimu uliofuata boma la Ntandu lilipandwa alizeti mpaka mlangoni, na baada ya mavuno kadhaa Baba Mkubwa akalijengea nyumba ya matofali ya kuchoma, akahamia. Nami nilipata kazi mbali, nikawa mtu wa kuandika makala juu ya mambo ya namna hii, nikisifiwa kwa kejeli yangu.

Sasa nilikuwa nimekaa kwenye nyumba hiyo hiyo, na saa za adhuhuri zikapita, na shimo bado. Huko nyuma Monika alikuwa anapika. Watoto wa marehemu walikuwa wamemkodi, kwa kuwa ndiye anayepikia misiba yote ya Ilongero, na walimwita Mama Lishe. Hatimaye niliona Mzee Saidi, wa mwisho aliyebaki kwenye ile kamati, akiinuka kwa fimbo yake na kuelekea jikoni. Nikamfuata.

“Shikamoo, baba,” Monika alisema. Hakuacha kusonga ugali.

“Marahaba, mwanangu. Unajua kilichotukalisha.”

“Nasikia ni shimo.”

“Ni jembe. Mtoto wa boma hili ni wewe. Umezaliwa hapa, pale penye tangi la maji. Njoo ulipige, tumsitiri mzee.”

“Nani kasema ni mimi?”

“Sote tunajua.”

“Tangu lini?”

Mzee Saidi alitazama chini. “Tangu siku zote, mwanangu.”

Monika aligandua ugali ubavuni mwa sufuria, akaugeuza, akaukandamiza. “Leteni ule mti,” alisema. “Mnionyeshe nilipo, nami nitakuja na jembe langu mwenyewe.”

Nilikwenda kuutungua. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na ukutani uliacha mraba safi. Nikautoa nje mbele ya watu, nikaulaza juu ya mkeka karibu na mafiga. Watoto wa Dar es Salaam walisogea na miwani yao, vijana wa kuchimba wakaacha simu. Mchungaji alikuja naye, akidhani ni sala. Mzee Saidi alipiga magoti kwa shida, akavaa miwani, akapitisha kidole juu ya kioo. Kidole kikafika kwa Ntandu, kikasimama.

“Shuka chini, baba,” alisema Monika.

Kidole kikashuka kwenye peupe, kikarudi juu, kikaenda kushoto kwa watu wa nyumba nyingine, kikarudi tena. Mzee Saidi alijua kwamba jina halimo. Nilijua. Naye Monika alijua kwamba tunajua.

“Profesa, msaidie mzee,” Monika alisema. “Si wewe ndiye uliyeuchapa?”

Nikapiga magoti kwenye majivu kando ya Mzee Saidi, suti na vyote, nikaweka kidole changu juu ya kioo karibu na chake. Nyuma yetu mwiko uligonga sufuria.

“Anzeni juu kabisa,” alisema. “Taratibu, na kwa sauti. Ugali bado.”

Mzee Saidi akakohoa. Tukaanza na yule babu aliyetoka Mgori na mbuzi wake.